Linux imegoma kabla ya deskitopu: tafuta kwanza kijiti kilipoanguka

Mteja akiniletea kompyuta ya Linux isiyofika kwenye deskitopu, mara nyingi huja na dawa yake mkononi: "Fundi, we ipige upya tu." Kuipiga upya, yaani kuufuta mfumo na kuusakinisha tena, ni kazi ya nusu saa, na kweli mashine itawaka. Ila picha za harusi, hesabu za duka na tasnifu iliyobakiza sura moja vinaweza kuondoka humohumo. Tena kama chanzo ni diski inayokufa, baada ya wiki mbili atarudi na shida ileile. Mwongozo huu ni wa kutafuta mahali mashine ilipokwamia na kuirekebisha hapohapo. Amri nilizoandika ni za Ubuntu, Linux Mint na Debian. Kwa Fedora na ndugu zake mantiki haibadiliki, amri kadhaa tu ndizo hutofautiana.

Kijiti kimeangukia mkononi mwa nani?

Kuwaka kwa kompyuta ni mbio za kupokezana vijiti. Anaanza BIOS, au mrithi wake UEFI, aliyemo ndani ya ubao mama. Anamkabidhi GRUB, mwenye ile menyu ya kuchagua mfumo. GRUB anampa keneli, kiini cha Linux, akiwa na kifurushi kiitwacho initramfs chenye draiva za kufungulia diski. Keneli anampa systemd, anayeunganisha patisheni (vipande vya diski) na kuamsha huduma. Wa mwisho ni programu ya skrini ya kuingilia: gdm3 kwenye Ubuntu, lightdm kwenye Mint, sddm kwa wanaotumia KDE.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo "nifanye nini?" bali "kitu cha mwisho nilichokiona kwenye skrini ni kipi?"

- Nembo ya mtengenezaji tu, au maneno kama "No bootable device": kijiti kiko kwa BIOS/UEFI.
- Alama ya `grub>` au `grub rescue>`: kijiti kiko kwa GRUB.
- "Kernel panic", au neno initramfs ndani ya mabano likisubiri uandike: keneli ameshindwa kuifungua diski.
- "You are in emergency mode": systemd amekwama.
- Skrini nyeusi yenye kistari kinachopepesa, au nywila inakubaliwa halafu unarudishwa palepale: umekaribia kabisa kufika, shida ni ya michoro, nafasi au ruhusa za mafaili.

Piga picha skrini kwa simu kabla hujagusa chochote. Nimeshaletewa mashine nyingi ambazo mwenyewe anakumbuka tu kwamba "iliandika maneno ya Kizungu mengi".

Hatua ya 1: vua pazia

Ubuntu na Mint huficha maandishi ya kuwaka nyuma ya nembo. Nembo ikiganda, huambulii kitu. Washa mashine. Kama ni ya zamani yenye BIOS, shikilia Shift. Kama ni ya UEFI, gonga Esc mara nembo ya mtengenezaji inapotoweka. Menyu ya GRUB itatokea. Ukigonga Esc kupita kiasi utaangukia kwenye `grub>` tupu; usishtuke, hakuna kilichoharibika. Andika `normal`, bonyeza Enter, na papo hapo gonga Esc mara moja.

Simama kwenye mstari wa kwanza wa menyu, bonyeza `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`. Kwenye mwisho wake pana maneno `quiet splash`. Yafute hayo mawili, kisha bonyeza Ctrl+X au F10. Badiliko hili ni la safari hii tu, ukiwasha tena maneno yatarudi yenyewe. Sasa maandishi yatamwagika kwa kasi, kwa hiyo rekodi video kwa simu uitazame polepole baadaye. Mistari ya `OK` iache ipite. Unachotafuta ni `FAILED`, `error`, `timed out`, na mstari wa mwisho kabisa kabla ya kimya.

Mashine ikiganda kabisa, usikimbilie kushikilia kitufe cha kuzimia. Shikilia Alt pamoja na Print Screen, kisha gonga S, halafu U, halafu B, ukipumzika sekunde mbili tatu kati ya kila herufi. S inamimina diskini yale yaliyobaki kwenye kumbukumbu, U inafunga diski isiandikwe tena, B inawasha upya. Si kila laptopu hukubali, lakini ikikubali umeiepusha diski yako na kuzimwa ghafla mara nyingine.

Hatua ya 2: jaribu keneli ya jana

Kama mashine iligoma mara tu baada ya masasisho, hapa ndipo wengi hupona. Kwenye menyu ya GRUB chagua "Advanced options". Utaona keneli mbili au zaidi, mpya ikiwa juu. Chagua ya pili, ile isiyo na maneno "recovery mode". Ikiwaka hadi deskitopu, umejua kwamba mafaili yako ni salama na mgonjwa ni keneli mpya, au draiva iliyoshindwa kuendana nayo. Endelea na kazi zako kwa keneli ya zamani, na jioni ukiwa na utulivu urudi kwenye sehemu inayokuhusu hapa chini.

Inapoishia kwa BIOS/UEFI

Kompyuta nyingi zinazotumika huku kwetu ni za mtumba, zimekwisha fanya kazi ofisini ughaibuni miaka kadhaa. Betri ndogo ya ubao mama, CR2032 ya volti 3, huwa imechoka. Umeme ukikatika, au ukichomoa waya usiku, mipangilio yote inarudi ya kiwandani. Kama Linux ilisakinishwa kwa njia ya Legacy (ile ya BIOS ya zamani) na mipangilio imerudi kwenye UEFI, mashine itasema haina diski ya kuwakia ingawa diski ni nzima. Inaweza kuwa hivyo pia mpangilio wa SATA (namna ubao mama unavyoongea na diski) ukihama kutoka AHCI kwenda RAID.

Ingia kwenye mipangilio (F2, F10, Delete au F1, kutegemea mtengenezaji) na utazame saa kwanza. Ikionyesha mwaka wa nyuma sana, betri imekufa. Ibadilishe, rekebisha saa, rudisha Legacy au UEFI ilivyokuwa, AHCI, na mpangilio wa diski ya kuanzia. Diski isipoonekana kabisa kwenye orodha, fungua mashine, chomoa na uchomeke upya nyaya zake. Isipoonekana hata hapo, shida si Linux tena.

Kuna jingine la wenye Windows na Linux pamoja. Agosti 2024, sasisho la usalama la Windows lilizifanya mashine nyingi za aina hiyo zikatae Linux kwa ujumbe "Verifying shim SBAT data failed: Security Policy Violation". Ukikutana nao, zima Secure Boot (ulinzi unaokagua sahihi ya kinachowasha mashine) kwenye mipangilio, ingia Linux, andika:

`sudo mokutil --set-sbat-policy delete`

Washa upya uingie tena Linux, fanya masasisho yote, ndipo uwashe Secure Boot.

grub rescue

Hii hutokea sana mtu akifuta au akihamisha patisheni. GRUB yupo, ila hajui mizigo yake iko wapi. Andika `ls` aonyeshe anachokiona, kisha jaribu patisheni moja moja:

`ls (hd0,gpt2)/boot/grub`

Ile itakayoonyesha orodha ya mafaili badala ya kulalamika ndiyo yenyewe. Tuseme ni hiyo gpt2:

`set root=(hd0,gpt2)`
`set prefix=(hd0,gpt2)/boot/grub`
`insmod normal`
`normal`

Menyu itarudi. Ukishaingia, andika `sudo grub-install /dev/sda` kama mashine ni ya BIOS (ni diski nzima, siyo sda2), kisha `sudo update-grub`. Kama ni ya UEFI, `sudo grub-install` peke yake inatosha. Ukiiacha bila kufanya hivyo, kesho utaanza upya.

Kernel panic: chungulia /boot

Ujumbe maarufu ni huu: `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Unatisha kuliko ulivyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba kile kifurushi cha initramfs hakipo au hakikukamilika kuandikwa. Na sababu ya kutokamilika huwa moja kati ya mbili: umeme ulikatika katikati ya masasisho, au patisheni ya /boot ilijaa. Waliosimba diski zao wakati wa kusakinisha huwa na /boot ya pekee, ndogo, na keneli za zamani hujirundika humo.

Ingia kwa keneli ya zamani kama Hatua ya 2, kisha:

`df -h /boot`
`uname -r`
`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt autoremove --purge`

`df -h` inaonyesha nafasi iliyobaki, na `uname -r` inakuambia keneli unayoitumia sasa hivi. Hiyo usiifute hata kwa bahati mbaya, ndiyo tawi ulilokalia. Nafasi ikishapatikana, tengeneza kifurushi upya kwa keneli zote:

`sudo update-initramfs -c -k all`
`sudo update-grub`

Ukiachwa kwenye initramfs: diski inaomba kukaguliwa

Hii ndiyo inayoletwa na kukatika kwa umeme, na ndiyo ninayokutana nayo kuliko zote. Skrini nyeusi, neno initramfs ndani ya mabano, na hakuna kinachoendelea. Andika `exit`, itakutajia jina la patisheni yenye kilio: "The root filesystem on /dev/sda2 requires a manual fsck". fsck ni programu ya kukagua na kurekebisha diski. Basi:

`fsck -y /dev/sda2`

Jina liwe lile uliloonyeshwa wewe. Kwenye diski za NVMe litafanana na `/dev/nvme0n1p2`. Herufi `-y` inamaanisha "jibu ndiyo kwa kila swali", vinginevyo utakaa unagonga y mpaka kidole kiumie. Ikimaliza, iendeshe tena mara ya pili. Isipokuta kosa, andika `exit` au `reboot -f`. Mafaili yaliyopoteza majina yatawekwa kwenye folda ya `lost+found`.

Mambo matatu kabla hujabonyeza Enter. Kwanza, fsck haiendeshwi kwenye patisheni inayotumika. Hapa kwenye initramfs iko salama kwa sababu bado haijaunganishwa. Pili, maelezo haya ni ya ext4, mpangilio wa kuhifadhi mafaili wa kawaida wa Ubuntu, Mint na Debian. Fedora Workstation hutumia Btrfs tangu toleo la 33 la mwaka 2020, na `btrfs check --repair` ni dawa kali, usiijaribu kabla ya kunakili mafaili. Tatu, na hili ndilo zito: ikiwa kwenye maandishi ya nyuma uliona mistari ya `I/O error, dev sda, sector`, acha. Diski yenyewe inaoza, na kuikagua kunaichosha zaidi. Washa kwa flashi (nitaeleza chini), weka kifurushi cha smartmontools, kisha:

`sudo smartctl -a /dev/sda`

Kwenye diski za SATA za kuzunguka, tazama `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`, namba ya mwisho ya kila mstari. Zikiwa sifuri, pumua. `Current_Pending_Sector` ikiwa na namba inayopanda kila ukitazama, nakili mafaili kwanza, fsck baadaye, na anza kuchanga hela ya diski mpya.

Niliwahi kuitwa kwenye chumba cha kompyuta cha shule ambako mashine nne zilikuwa zikiomba fsck kila asubuhi ya Jumatatu. Waliokuja kabla yangu walikwishazipiga upya mara mbili. Ujumbe wenyewe ulikuwa ukisema wazi: `Superblock last mount time is in the future`. Ijumaa walikuwa wakizima swichi kubwa ya ukutani, betri za CR2032 zimekufa, saa zinarudi nyuma, na fsck inashangaa diski kutumika mara ya mwisho "siku ambayo bado haijafika". Betri nne, kazi kwisha.

Emergency mode: mtuhumiwa ni fstab

Dalili yake ya kwanza ni kusubiri. Mstari unasema `A start job is running for /dev/disk/by-uuid/...` na saa inahesabu hadi dakika 1 na sekunde 30, kisha unatupwa kwenye emergency mode. systemd alikuwa akisubiri patisheni iliyoandikwa kwenye `/etc/fstab`, na haikutokea. Labda uliongeza diski ya nje ukaiacha nyumbani. Labda uliifomati patisheni upya, na kila kufomati huzaa UUID (namba ya utambulisho) mpya.

Bonyeza Enter au weka nywila ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) kama inavyodai, kisha linganisha:

`lsblk -f`
`cat /etc/fstab`

UUID iliyopo kwenye fstab na isiyopo kwenye lsblk ndiyo mkorofi. Fungua faili kwa `nano /etc/fstab`. Ikikataa kuhifadhi, andika kwanza `mount -o remount,rw /`. Weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari huo, au urekebishe UUID. Kwa diski isiyo ya lazima, kama ile ya nje, ongeza `nofail,x-systemd.device-timeout=10` baada ya neno `defaults`, ukitenganisha kwa mkato bila nafasi. Hapo mashine itasubiri sekunde 10 kisha itaendelea na safari. Kabla ya kuwasha upya, `findmnt --verify` itakukagulia ulichoandika.

Kwenye Debian isiyo na nywila ya root utakutana na jibu la kukera: `Cannot open access to console, the root account is locked`. Rudi GRUB, bonyeza `e`, na mwishoni mwa mstari wa `linux` ongeza `init=/bin/bash`. Utaingia moja kwa moja, andika ile `mount -o remount,rw /`, rekebisha fstab, andika `sync`, kisha Alt na Print Screen na B kama tulivyosema.

Kama fstab haina kosa, `systemctl --failed` itakutajia huduma iliyoanguka, na `journalctl -xb -p err` itakupa makosa ya kuwaka huku peke yake.

Skrini nyeusi, kistari kinapepesa

Hapa Linux imekwishawaka. Jaribu Ctrl+Alt+F3. Ukipata mahali pa kuandika jina na nywila, una mashine nzima mkononi, isipokuwa michoro. Usipopata, rudi GRUB, `e`, na ongeza `nomodeset` kwenye mstari wa `linux`. Ikiwaka kwa skrini yenye picha kubwa kubwa mbaya, mgonjwa ni draiva ya kadi ya michoro.

Ukiwa ndani, anza na swali ambalo wengi hulisahau:

`df -h`

Diski iliyojaa asilimia 100 huzuia deskitopu kufunguka kwa sababu haina pa kuandikia hata faili dogo. Kwenye ext4, asilimia 5 hutengwa kwa ajili ya root, ndiyo maana wewe huingii lakini mfumo bado unapumua. `sudo apt clean` na `sudo journalctl --vacuum-size=200M` hutoa nafasi ya haraka, ukishaingia utafuta zile filamu.

Diski ikiwa na nafasi, soma `/var/log/apt/history.log`. Faili hili haliongopi. Mtu atakuapia kwamba hakugusa kitu, halafu unakuta aliondoa python3 akitaka kuweka toleo jingine, na Ubuntu ikaondoka na deskitopu nzima kwa kuwa inaitegemea. Tiba yake ni `sudo apt install ubuntu-desktop`. Kama masasisho yalikatikia njiani:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Kwa kadi za NVIDIA, `dkms status` itakuonyesha kama draiva imejengwa kwa keneli unayotumia. Kama haimo, iondoe kwa `sudo apt purge '^nvidia-.*'`, washa upya utumie nouveau (draiva huria ya kadi hizo), kisha kwa Ubuntu `sudo ubuntu-drivers install`. Secure Boot ikiwa imewashwa utaulizwa nywila ya muda, na ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu ya kuithibitisha. Wengi huipita kwa haraka, draiva ikakataliwa, wakarudi palepale.

Na kama skrini ya kuingilia inatokea, nywila inakubaliwa, halafu unarudishwa mlangoni: mara nyingi uliwahi kuendesha programu yenye michoro kwa sudo, na faili lako moja likawa mali ya root. Ctrl+Alt+F3, ingia, kisha:

`sudo chown $USER:$USER ~/.Xauthority ~/.ICEauthority`
`sudo chmod 1777 /tmp`

Ikilalamika kwamba faili mojawapo halipo, songa mbele.

Ikishindikana kote: ingia kwa flashi

Tengeneza flashi ya Ubuntu au Mint kwenye kompyuta nyingine, washa nayo, chagua kujaribu bila kusakinisha. Kazi ya kwanza ni kunakili mafaili kwenye diski ya nje. Baada ya hapo, ingia ndani ya mfumo mgonjwa ukiwa nje yake:

`sudo mount /dev/sda2 /mnt`
`sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi`
`for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done`
`sudo chroot /mnt`

Mstari wa pili ni wa UEFI tu. Patisheni yake ni ile ndogo ya vfat utakayoiona kwa `lsblk -f`. Kwanza hakikisha flashi yenyewe imewaka kwa UEFI: `ls /sys/firmware/efi` ikisema folda haipo, umeiwasha kwa Legacy na grub-install haitafanya unachotaka. Ukishakuwa ndani, amri zote za juu zinafanya kazi bila sudo: dpkg, update-initramfs, grub-install, update-grub. Ukimaliza andika `exit`, zima, chomoa flashi.

Mashine ikishafika deskitopu, usimrudishie mwenyewe bado. Izime kabisa, chomoa waya ukutani, iache nusu saa, kisha iwashe. Tazama saa ya pembeni kabla haijaunganishwa na intaneti: ikiwa imerudi nyuma, betri ya ubao mama imekufa.